Sura ya Sita: Meza Hapahapa

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, iwe Somanga, Kilwa Masoko au Mchinga, utaona jambo lililozoeleka hadi watu hawalioni tena. Mama anapimwa uzito, anapimwa presha, kisha muuguzi anamtilia vidonge vitatu kiganjani, anamsogezea kikombe cha maji na kumwambia, "Meza hapahapa, mama." Hapewi vya kufunga kwenye pindo la kanga aende navyo nyumbani. Akishameza, muuguzi anaandika kwenye kadi, na shughuli ya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, imekwisha mpaka hudhurio lijalo.

Ndani ya kila kidonge cha SP mna dawa mbili, na moja kati yake ni sulfadoksini. Watu wazima wa pwani ya Lindi wanaijua SP kwa jina la Fansidar. Klorokwini iliposhindwa na malaria, SP ilishika nafasi yake mwaka 2001, ikadumu mpaka dawa mseto ilipoingia mwishoni mwa 2006. Kinachojulikana na wachache ni kwamba sulfadoksini ilikuwa na kazi nyingine kabla ya hapo. Mwaka 1967 madaktari wawili wa London, Grüneberg na Brumfitt, walichapisha jaribio lao katika jarida la British Medical Journal. Waliwachukua wagonjwa wenye maambukizi ya njia ya mkojo, kundi moja wakalipa dawa hiyo mara moja tu, kundi la pili wakalipa ampisilini ya siku kadhaa kama ilivyokuwa desturi. Waliomeza mara moja walipona karibu sawa na waliomeza siku zote zile.

Msomaji asiharakishe. SP haifai tena kutibu ugonjwa wa mkojo, na asitokee mtu akaenda kuinunua kwa sababu ya ukurasa huu. Bakteria wanaosababisha ugonjwa huo wamekwisha kuzoea dawa za jamii ya salfa. Septrini, ambayo ni ndugu yake wa karibu, imeshindwa mara nyingi mno Afrika Mashariki hata mtu mwenye busara haanzi nayo bila kipimo. Kilichonivutia kwenye kliniki ile ni namna dawa inavyotolewa. Muuguzi wa zahanati amekwisha kukubali kwamba kidonge kilichomezwa mbele yake kina thamani kuliko vidonge kumi vilivyoahidiwa kumezwa nyumbani. Ameukubali ukweli huo kwenye malaria ya wajawazito. Ameukubali pia wakati wa kampeni za matende na mabusha, na shuleni watoto wanapogawiwa dawa ya kichocho. Lakini mwanamke akija usiku na mkojo unaochoma, anarudi kwenye desturi ya kale: karatasi, bahasha ya vidonge, "kutwa mara tatu", kwaheri.

Sura hii inauliza kama kwa mwanamke huyo nako tungeweza kusema: meza hapahapa.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Bakteria anayeusababisha mara nyingi ni E. coli, mkazi wa utumbo ambaye huko kwao hana shida na mtu. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimeta nne hivi, na tundu lake liko karibu na njia ya haja kubwa, kwa hiyo safari ya kufika kwenye kibofu ni fupi. Akifika anajishika kwenye ukuta wa kibofu na kuzaana, na ukuta unavimba. Hapo ndipo zinapotoka dalili zote tunazozijua: mkojo unachoma, unabana kila baada ya dakika chache, unatoka matone, chini ya kitovu panauma. Kama mambo yameishia kwenye kibofu, na mgonjwa ni mwanamke asiye mjamzito, hana homa, hatapiki, haumwi ubavuni wala mgongoni usawa wa figo, hana kisukari kilichomshinda wala mpira wa mkojo, madaktari wanauita ugonjwa wa kawaida. Unatesa sana lakini hauui, na wanawake wengine hupona hata bila dawa.

Kibofu kina jambo moja linalokipa dawa nafasi ya pekee. Figo huchuja damu mchana na usiku, na dawa nyingi zinazotolewa na figo hujikusanya kwenye mkojo kwa wingi unaozidi ule wa kwenye damu mara nyingi sana. Dozi ambayo kwenye mapafu ingeonekana haba, kwenye kibofu inakuwa gharika. Fosfomaisini ndiyo mfano wake maarufu. Ilitangazwa mwaka 1969, baada ya watafiti kuikuta kwenye vijidudu vya udongo wa Hispania. Ni unga wa gramu 3 ndani ya pakiti ndogo. Unakorogwa kwenye glasi ya maji, mgonjwa anakojoa kwanza, anakunywa, analala. Dawa inakaa kwenye mkojo siku mbili na zaidi ikiwaua bakteria huku mwenyewe akiendelea na shughuli zake.

Hapa nitoke kidogo njiani, maana watu wa Lindi na Mtwara wameonja dozi moja ya aina nyingine na ni rahisi kuzichanganya. Katika kampeni za trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, vijiji vizima humeza azithromaisini mara moja kwa mwaka. Dawa ile inafanya kazi mara moja kwa sababu inaingia kwenye nyama za mwili na kutoka polepole kwa siku nyingi. Fosfomaisini haikai kwenye nyama. Inakimbilia kwenye mkojo. Ndiyo maana ya kwanza haitegemewi kwenye kibofu, na ya pili haitafika kwenye jicho. Watu wakisikia "dozi moja" hudhani ni dawa kali kuliko nyingine. Ukali hauhusiki. Kinachohusika ni mahali dawa inapopenda kukaa.

Sasa hesabu. Mwaka 2018 jarida la JAMA lilichapisha jaribio lililofanywa na watafiti wa Geneva pamoja na wenzao wa Łódź, Poland, na Petah Tikva, Israel. Wanawake 513 wenye ugonjwa wa mkojo wa kawaida waligawanywa. Nusu walipewa nitrofurantoini mara tatu kwa siku kwa siku tano, yaani vidonge 15. Nusu walipewa pakiti moja ya fosfomaisini. Baada ya siku 28, waliopona kabisa kwenye kundi la siku tano walikuwa 70 katika kila 100, na kwenye kundi la dozi moja 58. Tofauti ya watu 12 katika 100 si ndogo. Waliosoma jaribio lile Ulaya wengi walisema mjadala umefungwa, siku tano zimeshinda, na ningekuwa mganga wa Geneva ningesema hivyohivyo.

Lakini vidonge 15 vya Geneva ni vidonge 15. Mgonjwa anakabidhiwa pakiti nzima, anajua atafuatiliwa, duka la dawa liko kona ya pili. Vidonge 15 vya Kilwa ni habari nyingine. Mwanamke anafika kwenye duka la dawa muhimu, anaeleza shida, anaambiwa bei ya dozi kamili. Anahesabu mkononi. "Nipimie za buku kwanza, nikipata nyingine nitarudi." Anapimiwa. Muuzaji naye ana familia, na akikataa, duka la jirani litauza. Siku ya pili mkojo hauchomi tena, na shilingi elfu iliyobaki ina kazi nyingi kuliko kununulia dawa ya ugonjwa uliopoa. Kwa hiyo swali la Kilwa halikuwahi kuwa siku tano dhidi ya siku moja. Ni dozi moja iliyopangwa na kupimwa dhidi ya nusu dozi iliyojipanga yenyewe, nayo nusu dozi ya vidonge vilivyotengenezwa kumezwa siku nyingi ndiyo mbovu kuliko zote: inamtuliza mgonjwa na kumfundisha bakteria.

Ongeza bahari. Wanawake wa Songosongo na Somanga wanaochokoa pweza hufuata bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba ukabaki wazi. Siku zile ni chache na ndizo zenye pesa. Wanaingia majini asubuhi, wanashinda na nguo mbichi, mkojo wanaubana kwa saa nyingi kwa sababu hakuna pa kujisitiri. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ameze saa nane mchana, unazungumza na mtu aliye katikati ya mwamba na mkuki wa pweza mkononi. Na akitaka kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, anangoja boti, upepo na mtu wa kumwachia watoto. Akishafika, kumwambia arudi keshokutwa kuangaliwa ni maneno ya kumridhisha mwandikaji tu.

Na Ramadhani. Pwani hii ni ya Waislamu kwa sehemu kubwa, na mwezi ule ukiingia, "kutwa mara tatu" inakuwa fumbo. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Hilo kila mtu analijua. Lakini mwanamke ambaye tayari ana siku za kulipa kwa ajili ya hedhi hapendi kuongeza nyingine kwa ajili ya mkojo, na wengi hufunga kimya wakimeza vidonge wakati wa futari na daku, kile cha mchana kikiachwa. Dawa inayonywewa mara moja usiku kabla ya kulala inaingia ndani ya mwezi huo bila kugombana na chochote. Hili katika jaribio la Geneva halikuwa na sababu ya kupimwa.

Kwa haya yote mimi naegemea dozi moja. Naegemea, nikiwa na masharti mawili mazito.

Sharti la kwanza linahusu dawa ipi. Fosfomaisini haipatikani kirahisi nje ya miji mikubwa, na ikipatikana bei yake inamrudisha mtu nyuma mlangoni. Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu 2017 limezigawa antibayotiki katika makundi matatu, ya kuanzia, ya tahadhari na ya akiba, limeiweka fosfomaisini ya kunywa kwenye kundi la tahadhari. Kwa hiyo si dawa ya kumwagwa kila zahanati. Lakini kuna dawa nyingine ambayo kabati la karibu kila kituo cha afya cha Tanzania linayo: jentamaisini. Ni ya zamani, ni ya bei nafuu, iko kwenye kundi la kuanzia, na figo huitoa kama ilivyoingia, yote inaishia kwenye mkojo. Mapitio ya tafiti za dawa za jamii yake, yaliyochapishwa miaka michache iliyopita na kujumuisha wagonjwa zaidi ya 13,000, yalionyesha kuwa sindano moja ilisafisha mkojo kwa wagonjwa zaidi ya tisa katika kila kumi. Tafiti nyingi kati ya hizo ni za zamani na nyingine ni dhaifu, kwa hiyo asiichukulie mtu namba hiyo kama msahafu. Jentamaisini inajulikana kwa kudhuru figo na masikio, lakini sifa hiyo mbaya imetokana hasa na matibabu ya siku nyingi. Kwa sindano moja, kwa mwanamke ambaye si mjamzito na figo zake ni nzima, hatari ni ndogo.

Linganisha na kinachofanyika sasa. Kila mtu ana jamaa aliyechomwa "sindano za UTI", moja kila siku kwa siku tano, asubuhi anakwenda na bomba lake mkononi kama anakwenda kazini. Mara nyingi dawa yenyewe ni seftriaksoni. Hiyo ndiyo dawa tunayoitegemea kwa homa ya uti wa mgongo, kwa sumu ya bakteria kwenye damu, kwa kisonono. Kuitumia kwa kibofu kinachochoma ni matumizi yasiyo na kisingizio, isipokuwa kwamba inalipa: sindano tano zinaleta malipo matano, na mgonjwa mwenyewe anaamini sindano kuliko kidonge. Kama imani ya sindano haitaondoka leo wala kesho, basi angalau iwe sindano moja, ya dawa ya kundi la kuanzia. Sioni aibu kusema hivyo.

Sharti la pili ndilo gumu. Dozi moja inatibu ugonjwa wa kibofu tu, na wengi wanaoambiwa wana ugonjwa wa mkojo hawana.

Mradi wa utafiti ulioitwa HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda mwishoni mwa miaka ya 2010, ulikusanya mkojo wa maelfu ya watu waliokuja vituoni na dalili, ukaoteshwa maabara. Kwa Tanzania walichukua Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya. Waliokutwa na bakteria kweli walikuwa kama theluthi moja. Wawili katika watatu walikuwa na kitu kingine, au hawakuwa na kitu kilichoota. Na kati ya bakteria waliopatikana, karibu nusu walikuwa sugu kwa dawa za jamii tatu au zaidi. Namba hizo mbili nazisoma pamoja, maana moja ndiyo mama wa nyingine: tunatoa antibayotiki kwa wengi wasiozihitaji, na wale wachache wanaozihitaji wanakuta zimekwisha nguvu.

Pwani ya Lindi ina sababu yake yenyewe ya kuogopa kosa hilo, nayo ni kichocho. Vidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, vikapenya ngozi ya anayelima mpunga, anayevuka kijito, anayefua bwawani au mtoto anayeoga mtoni. Minyoo wakubwa hukaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu, na mayai yao yenye mwiba hupasua ukuta wa kibofu yakitafuta njia ya kutoka. Mgonjwa anahisi nini? Mkojo unachoma, unabana, chini ya kitovu panauma. Mkojo ukichovywa kijiti cha kupimia unaonyesha damu na chembe nyeupe. Fundi wa maabara mwenye haraka anaandika anachoandika kila siku, na mgonjwa anarudi na bahasha ya antibayotiki. Hazimfanyi kitu, kwa sababu mnyoo si bakteria. Baada ya mwezi anarudi, anaongezewa nyingine kali zaidi, na hapo ndipo watu wanapoanza kumwambia ana "UTI sugu". Kwa mwanamke mambo huenda mbali zaidi: mayai hukwama kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, damu wakati wa tendo la ndoa, ugumba, na maneno ya majirani kuhusu tabia yake. Anasingiziwa ugonjwa wa zinaa kwa sababu alilima mpunga.

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, nayo hutolewa mara moja. Kwa watoto wa shule haihitajiki hata mizani: mtoto anasimamishwa kwenye fimbo yenye alama, urefu wake unasema ameze vidonge vingapi. Dozi moja sahihi ipo, basi, hospitali hiyohiyo. Kinachotenganisha mwanamke na dozi hiyo ni swali ambalo halichukui nusu dakika: "Mama, unalima wapi, unafulia wapi, na damu inatoka mwanzo wa mkojo au mwisho?" Damu ya mwisho wa mkojo, kwa mtu anayeingia maji baridi ya mito na mabwawa, inataka mkojo wa mchana ukatazamwe kwenye hadubini. Mchana, maana mayai hutoka kwa wingi kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane. Mkojo wa alfajiri unaweza kuwa safi na mgonjwa akaambiwa hana kitu.

Wengine wa kuwaondoa kwenye foleni ya dozi moja wanajulikana. Kijana wa kiume mwenye mkojo unaochoma na usaha, huyo atafutiwe kisonono, na mwenzake atafutwe pia. Mzee anayekojoa kwa kujikamua ana tezi dume la kuangaliwa. Mtoto mdogo ana njia yake. Mjamzito hata asiyeumwa akikutwa na bakteria anatibiwa kwa mpango na kufuatiliwa, kwa sababu kwake ugonjwa hupanda kwenye figo haraka na unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mwenye homa na kutetemeka kwa baridi ana hatari ya figo. Na katika mkoa wenye malaria kama huu anapimwa vyote viwili, asije akatibiwa mbu huku figo inaoza. Mwenye uchafu na muwasho ukeni mara nyingi shida yake haiko kwenye mkojo kabisa.

Ndiyo maana chumba cha dharura cha hospitali ya wilaya, anakofikia mwanamke yule wa usiku, kinanipa matumaini na wasiwasi kwa pamoja. Nchi yetu ilichelewa kukijua. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na kwa miaka mingi hospitali za wilaya ziliendelea kuwapokea wa ajali, wa uzazi na wa mkojo kwenye korido moja. Kisha ukaja mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, na kuanzia mwishoni mwa 2021 majengo ya dharura yakaanza kuota kwenye hospitali za wilaya nchi nzima. Jengo ni jambo moja. Zamu ya usiku ni jambo jingine: tabibu mmoja, wauguzi wachache, bodaboda aliyevunjika mguu analia, mtoto ana degedege, na kwenye benchi mwanamke aliyetoka kisiwani na maji ya jioni. Kwa tabibu yule, dozi moja ni msaada wa kweli. Anamaliza, na anajua amemaliza. Lakini pia ni kishawishi. Ikiwa sindano moja inamtoa mtu mlangoni kwa dakika tano, kila anayetaja mkojo ataichomwa, awe na kichocho, awe na mimba ya wiki sita asiyoijua, awe na jeraha ambalo hataki kulisema mbele ya aliyemleta. Kipimo cha mimba, kijiti cha mkojo na maswali manne vinatakiwa vitangulie bomba. Hospitali isiyoweza kuhakikisha hivyo isianzishe dozi moja kabisa. Iendelee na bahasha zake.

Na usugu? Wapo wanaodhani dozi moja haizai usugu kwa sababu ni fupi. Ufupi unasaidia, ndiyo, kwa kuwa bakteria wa utumbo wanakutana na dawa kwa muda mchache. Lakini Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti walifuatilia watoto wa vijiji vilivyomezeshwa azithromaisini ya trakoma, dozi moja tu, na wakakuta E. coli sugu kwa dawa hiyo wameongezeka kinyesini mwao baada ya kampeni. Dozi ilikuwa moja kwa mtu, lakini kwa kijiji zilikuwa mamia, siku moja. Trakoma ilistahili gharama hiyo, kwa maoni yangu, kwa sababu upofu hauna marekebisho. Mkojo unaochoma haujafika hapo. Jentamaisini ikigeuzwa kuwa sindano ya kila mwenye kuchomwa, itafuata njia ya septrini, na wa kwanza kulipa watakuwa watoto wachanga, ambao kwao jentamaisini ni miongoni mwa dawa chache za kuokoa maisha wanapopata maambukizi ya damu.

Kuhusu ugavi nitasema machache. Dawa za umma za Lindi hutoka Bohari ya Dawa, Kanda ya Mtwara. Bidhaa nyingine za madukani hushuka kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 300 mpaka Masoko. Mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga, Mei 2024, magari yalilala njiani. Matibabu ya dawa chache, ndogo na zisizooza ni rafiki wa barabara ya namna hiyo. Uoteshaji wa mkojo, ambao ndio ungetuambia bakteria wa Kilwa wanaogopa nini, hauna budi kupelekwa kwenye maabara kubwa kama ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na mkojo usiowekwa kwenye ubaridi hauvumilii safari. Kama ningepewa fedha kidogo za kutumia kwenye jambo hili, zingeanzia hapo: sampuli za msimu mmoja, kutoka Kivinje, Masoko na Lindi mjini, zioteshwe, zipimwe na jentamaisini, nitrofurantoini na fosfomaisini. Kuchagua dozi ya Kilwa kwa bakteria wa Mwanza ni kubahatisha.

Limebaki la kumwambia mgonjwa anapoondoka, na hapa ndipo dozi moja inapoharibikia mara nyingi. Bakteria wakishakufa, ukuta wa kibofu bado umevimba. Kuchoma kunaendelea siku mbili, pengine tatu, kukipungua. Asiyeambiwa hivyo ataamka kesho mkojo ukichoma, ataamua sindano imeshindwa, na jioni atakuwa dukani akipimiwa sipro, antibayotiki nyingine, za buku. Faida yote imepotea kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikusemwa. Aambiwe pia anywe maji. Jaribio lililofanywa Bulgaria na kuchapishwa 2018 liliwapa wanawake wanaougua mara kwa mara lita moja na nusu ya ziada kila siku kwa mwaka, na vipindi vya ugonjwa vikashuka kutoka zaidi ya vitatu hadi chini ya viwili. Visiwani, ambako kila ndoo ya maji baridi ina mgongo ulioibeba, ushauri huo una gharama, na anayeutoa aijue. Madafu ni mazuri ukiyapata, kwa kuwa ni maji. Hayana uwezo mwingine wa siri. Dawa ya maumivu ya kawaida inapunguza mateso ya siku ya kwanza, na wengine hawatahitaji zaidi ya hiyo.

Kisha apewe siku na dalili, kwa maneno ya nyumbani, na aliyemsindikiza asikie. Siku ya nne mkojo bado unachoma: arudi na mkojo wa mchana. Amekosa siku zake: arudi. Damu imeonekana: arudi. Homa, baridi ya kutetemesha, kutapika au maumivu ya ubavu: asingoje siku ya nne wala maji kujaa, aondoke na chombo cha kwanza kinachoelekea Kivinje, au aende zahanati iliyo karibu wampigie simu mtu wa zamu.